Nyuma ya Karatasi ya Tisini na Saba

"Ingia ndani," Inspekta alimwambia Koplo.

Koplo aliitazama nafasi iliyoachwa kati ya rafu mbili za chuma, akalitazama tumbo lake, kisha akamtazama bosi wake. Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, na hakutaka kuimalizia akiwa amebanwa na magazeti ya zamani.

"Mimi, afande?"

"Unamwona mwingine humu?"

Koplo akaingia akinung'unika. Ghala hiyo ya maktaba ilikuwa na rafu kumi na mbili ndefu zilizosimama kwenye reli, kila moja na gurudumu ubavuni. Ukizungusha gurudumu, rafu husogea mpaka ishikane na mwenzake, ili vitabu vingi vikae mahali padogo. Anayeingia katikati huchomeka kwanza pini ya usalama kwenye reli. Juzi Jumatano, saa kumi na moja na nusu jioni, mfagiaji aliifungua rafu ya saba ili apige deki, na Mkaguzi wa picha akamwangukia miguuni, mbavu zimevunjika. Pini ilikuwa inaning'inia kwenye msumari wake ukutani.

Inspekta alishika gurudumu, akaanza kuhesabu.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne."

"Imenifika, afande."

"Tano."

"Afande, nimesema imenifika."

"Sita."

Koplo hakusema kitu tena, maana pumzi ya kusemea haikuwepo. Inspekta alisubiri kidogo, kama mtu anayesikiliza chungu kikichemka, ndipo akairudisha rafu. Wahalifu walimbandika mwanamke huyu jina la Sindano, na wenzake kazini walilitumia pia akiwa amewapa kisogo.

"Mpaka zishikane ni mizunguko tisa," alisema. "Marehemu alikuwa mwembamba, tuseme wa tano ndio uliomgusa. Aliyekuwa huku nje aliendelea mpaka mbavu zikavunjika, na gurudumu likishagusa mtu linakuwa zito. Ulilisikia uzito wake?"

"Nililisikia kwenye ini," Koplo alisema akijipapasa.

"Alisahau pini," ilisema sauti mlangoni. "Bahati mbaya kubwa. Tumesikitika sana."

Ilikuwa sauti ya Mkutubi Mkuu, mwanamume mrefu aliyevaa suti iliyonyooshwa mpaka ikakata tamaa. Alikuwa ameshaitazama saa yake mara tatu tangu asubuhi, na Inspekta alikuwa ameziona zote tatu.

"Leo saa sita mchana tunafungua kwa umma," aliendelea. "Redio imeshatangaza. Rejista zote za zamani tulizozipiga picha, bure, mtu yeyote, popote alipo, anafungua simu yake anasoma. Ningeomba mambo haya yaishe kabla ya hapo."

"Yataisha. Marehemu aliwahi kusahau kitu gani kingine?"

Mkutubi Mkuu aliitazama saa yake mara ya nne. Ukweli ulimtoka bila kupenda.

"Mama Rudia? Hakuna."

Mama Rudia ndilo jina walilomwita humo ndani. Kazi yake ilikuwa kukagua kila picha ya kila ukurasa kabla haijaingia mtandaoni. Akiona kivuli cha kidole, ukungu, hata unywele mmoja, alijaza kikaratasi cha kukataa, akaandika neno moja, "Rudia," akakipeleka kwa mhusika kwa mkono wake. Hakuna aliyempenda. Hakuna pia aliyeweza kutaja siku aliyokosea.

Inspekta aliinama kwenye mshikio wa gurudumu, akakwangua kwa ukucha utando mweupe uliokauka, akautia kwenye bahasha.

"Rangi hiyo," Koplo alisema.

"Labda," alijibu Inspekta, akalamba bahasha kuifunga.

Kwenda kwenye meza ya marehemu ilibidi wapite ukumbi wa kusomea. Kompyuta sita mpya zilikuwa zimepangwa kwa ajili ya umma, zimefunikwa kwa vitambaa zikisubiri saa sita. Karibu na ya kwanza alikaa mwanamke mzee, mkoba mapajani, miguu haifiki chini vizuri.

"Shikamoo, mama," alisema Inspekta.

"Marahaba, mwanangu. Nyinyi ndio mnaotuchelewesha?"

"Hatuchelewi. Unasubiri nini?"

"Karatasi ya binti yangu. Alikuwa na miaka minne, ana kovu la moto hapa." Akaligusa shavu lake la kushoto. "Alilazwa hospitali ya karantini, ile ya ugonjwa wa ngozi, ng'ambo ya reli. Hakutoka. Kitabu chao kimo humu. Mwanangu mwingine ndiye anayevishona vitabu vya humu, Fundi wa majalada. Unamjua?"

"Bado."

"Mpole yule. Kuku akichinjwa anatoka uani."

"Basi si angekusomea mapema, mama?"

"Sikumwomba. Mimi kusoma sijui, lakini kuna neno nataka alisome yeye, kwa macho yake, nami nimekaa hapa pembeni. Mdomo wangu umeshindwa kulisema miaka arobaini." Aliuvuta mkoba karibu. "Na si mbele tu. Karani wao alikuwa anageuza karatasi, anagonga nyuma. Kila nilipokwenda, anageuza, anagonga."

Inspekta aliitikia kwa adabu, akamwacha. Ilikuwa saa tatu kasoro, na wazee wana maneno mengi.

Meza ya marehemu ilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Kitabu cha vikaratasi vya kukataa kilikaa kulia kwa kompyuta. Kila kikaratasi kilikuwa na namba na nakala mbili chini yake: chenyewe cha mhusika, nakala moja ya Mkutubi Mkuu, moja ya kubaki. Inspekta alifungua pale kilipoishia. Namba 317 ilikuwa na nakala yake. Namba 319 ilikuwa tupu. Namba 318 haikuwepo, yenyewe wala nakala.

"Kikaratasi cha mwisho alichoandika maishani," alisema, "na mtu amekichukua mpaka mzizi. Kakiandika akikagua kitabu gani?"

Kompyuta ilijibu: rejista ya hospitali ya karantini.

"Niitie Mpiga picha."

Mpiga picha aliingia akitafuna chingamu, visikizi vimemning'inia shingoni. Alikaa kabla ya kuambiwa akae, na hilo lilikuwa kosa lake la kwanza.

"Nani alianza kumwita Mama Rudia?" Inspekta aliuliza.

"Wote tulimwita."

"Nimeuliza nani alianza."

"Mimi. Ulikuwa utani tu."

"Mwezi huu alikurudishia kazi mara arobaini na moja. Nimehesabu. Huo nao ulikuwa utani?"

Taya la Mpiga picha lilipunguza mwendo.

"Kitabu hiki cha hospitali ulikipiga lini?"

"Jumatano asubuhi. Chote."

"Unakipigaje? Nieleze kama mtu asiyejua kitu."

Hapo alichangamka kidogo, maana alikuwa mahali pake. Kamera ni moja tu, alisema, na imekaa upande mmoja wa kitanda cha kitabu. Ukitaka kupiga mbele na nyuma ya kila karatasi kwa zamu, utakigeuza kitanda mara mia nne na mgongo utakufa. Kwa hiyo unapiga kwanza kurasa zote za mkono wa kulia, mwanzo mpaka mwisho wa kitabu. Halafu unakigeuza kitabu mara moja, unapiga zote za mkono wa kushoto. Mashine ndiyo inayozipanga baadaye, mbele kwa nyuma.

"Na hizo za kulia na za kushoto, zote Jumatano?"

"Zote."

Inspekta alikigeuza kioo cha kompyuta kimwelekee, akaweka kidole kwenye safu ya tarehe.

"Mashine yako inasema za kulia ni Jumatatu alasiri."

Chingamu ilisimama kabisa. Inspekta hakusema kitu. Alijua kunyamaza kunavyofanya kazi, alikuwa amekula mshahara wa kunyamaza miaka kumi na saba.

"Nilikosea kusema," alianza Mpiga picha.

"Una mikono laini," Inspekta alisema. "Kule ndani wataiona siku ya kwanza. Marehemu alikuwa karibu kukufukuzisha, umenidanganya kuhusu siku, na kikaratasi alichoandika kimeibiwa. Koplo, tuna nafasi ngapi kwenye gari?"

"Ya mmoja, afande."

Machozi yalimtoka Mpiga picha kama bomba lililolegea. Kwa utaratibu, alieleza akivuta kamasi, kitabu kilichochakaa huanzia kwa Fundi kwanza, kinashonwa, ndipo kinakuja kwenye kamera. Hicho kilikuwa kwenye zamu ya kwenda kwa Fundi Jumanne. Lakini Mkutubi Mkuu alikuwa anawakimbiza kwa sababu ya saa sita ya leo, na yeye alikuwa amekaa bure Jumatatu. Akakichukua kimyakimya, akapiga za kulia, akakirudisha rafuni. Kuweka kitabu kibovu kwenye kamera adhabu yake ni kufukuzwa siku hiyo hiyo.

"Fundi alijua?"

"Hakuna aliyejua. Fundi alikipokea Jumanne kama kawaida, Jumatano nikamalizia za kushoto."

"Na saa kumi na moja jioni ya Jumatano ulikuwa wapi?"

"Chumba cha mitambo, na Mkutubi Mkuu, tunajaribu kompyuta za ukumbini. Kuanzia saa tisa. Muulize."

"Nimeshamuuliza, asubuhi. Kasema hivyo hivyo."

Mpiga picha alimkodolea macho, uso wote umelowa. "Kwa hiyo ulijua si mimi?"

"Ulikuwa unasema vizuri. Sikutaka kukukatiza. Futa pua, tuhesabu."

Walihesabu. Picha za kulia zilikuwa mia mbili na kumi na nne. Picha za kushoto zilikuwa mia mbili na kumi na tatu.

"Kuna karatasi yenye upande mmoja?" Inspekta aliuliza.

"Haiwezekani."

"Basi Jumatatu ilikuwepo, Jumatano haikuwepo. Mama Rudia aliliona hilo kabla yetu. Lete kitabu, tutafute ni ipi."

Kitabu hakikuwa na namba za kurasa, ila mashine ilikuwa imezihesabu picha. Walikwenda karatasi kwa karatasi, kioo na kitabu, mpaka wakafika ya tisini na saba. Kwenye kioo ilikuwepo. Kitabuni, baada ya tisini na sita ilifuata tisini na nane.

Inspekta alisoma kilichoandikwa, akakisoma tena. Kisha akachungulia mlangoni, upande wa ukumbi, ambako mwanamke mzee alikuwa bado amekaa na mkoba wake.

"Koplo," alisema, "twende tukashonewe kitabu."

Chumba cha Fundi kilinuka unga uliochemshwa. Gundi yake aliipika mwenyewe kwenye jiko dogo, unga wa ngano na maji, na sufuria ilikuwa bado ya moto. Kulikuwa na nyuzi, mawe ya kugandamizia, visu vilivyopangwa kwa urefu, na beseni la bati lenye utando wa kijivu uliokaukia pembeni. Alisimama walipoingia, akampa Inspekta kigoda chake, yeye akabaki wima. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye sauti ya chini na kucha safi.

"Nifundishe," Inspekta alisema, akiweka rejista mezani. "Kitabu kinashikaje?"

Fundi alichukua karatasi kubwa, akaikunja katikati. "Hii sasa ni karatasi mbili, ila ni mwili mmoja. Unapachika kadhaa moja ndani ya nyingine, unashona hapa kwenye mkunjo. Kila karatasi ina pacha wake upande wa pili."

"Nikiikata moja kwenye mkunjo kabisa, isibaki hata ncha?"

"Pacha anabaki hana kinachomshika. Siku ya kwanza mtu akifungua kitabu, anadondoka."

Inspekta alifungua rejista pale ilipokosekana ya tisini na saba. Alihesabu kuelekea katikati ya fungu, akavuka uzi, akahesabu upande wa pili. Akaishika karatasi aliyoifikia kwa vidole viwili, akaivuta. Haikutikisika.

"Pacha huyu hakudondoka," alisema. "Amebandikwa kwa utepe wa karatasi mwembamba kama njiti ya kiberiti, umenyooka kuliko rula. Mpiga picha angekata akaenda zake. Mwizi wa nje angekata akaenda zake. Humu ndani, nani mkono wake haukubali kuacha karatasi inaning'inia?"

Fundi aliutazama ule utepe. Kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyesifiwa. Halafu ukafungwa.

"Gundi ya unga," Inspekta aliendelea. "Niliikwangua na kwenye gurudumu la rafu ya saba. Mfagiaji hapiki gundi."

"Gundi yangu iko kila mahali. Mikono yangu inashika kila kitu humu."

"Karatasi iko wapi?"

"Sina la kusema, mama."

"Mama Rudia alikuja na kikaratasi namba 318?"

"Sina la kusema."

Alilisema kwa heshima, na Inspekta akajua hilo ndilo neno atakalolishikilia hata akiwekwa ndani mwezi mzima. Alikuwa amekutana na watu wa namna hiyo. Ukiwakemea hawasemi, ukiwabembeleza hawasemi, na mwishowe hakimu anasema ushahidi hautoshi. Alimgeukia Koplo.

"Mfunge pingu, umlete ukumbini. Tutasoma pamoja na mama yake."

Sauti ya chini ikapanda. "Mama yangu ana moyo mbovu. Mwache mama yangu."

"Saa sita atasoma tu, kama watu wote."

"Afande," Koplo alinong'ona wakiwa mlangoni, "yule ni mzazi."

"Ndiyo maana."

Saa tano na dakika arobaini Mpiga picha alikivua kitambaa kioo cha kwanza, akaketi mbele yake. Mkutubi Mkuu alikuwa nyuma akilalamika kwamba utaratibu si huo. Nje ya milango ya kioo watu walikuwa wameanza kupanga foleni. Fundi aliketishwa kando ya mama yake, pingu chini ya meza. Mama hakuziona. Alimpapasa bega, akafurahi kwamba wamemruhusu aje.

"Wewe usome," alimwambia. "Nilisema wewe usome."

"Nitasoma mimi, mama," alisema Inspekta. Picha ilijaa kwenye kioo, mwandiko wa karani umelala kulia, wino umekuwa wa kahawia. "Msichana. Miaka minne. Kovu la moto, shavu la kushoto."

"Ndiye huyo," alisema mama, na mkono wake ukaja mdomoni.

"Ameletwa na..." Inspekta alinyamaza. Hakumtazama mama. Alimtazama mwana.

"Basi," Fundi alisema. "Usiendelee. Nitasema."

"Nakusikiliza."

"Niliikata mimi. Jumanne. Nilikuwa nashona, nikaona jina la mama." Alisema haraka, kama anayetapika. "Maisha yangu yote nimejua walimnyang'anya dada yangu kwa nguvu. Hapo pameandikwa vingine. Na ile ilikuwa iende kwenye simu ya kila mtu. Majirani. Wajukuu. Nikaona bora isiwepo, na mama asijue kwamba nimejua."

"Ukadhani haijapigwa picha."

"Utaratibu ni kushona kwanza."

Mpiga picha aliinamisha kichwa.

"Na Mama Rudia?"

"Alikuja Jumatano saa kumi, na kikaratasi chake. Nilimwomba aifute ile picha moja. Nilimpigia magoti. Akasema karatasi si yangu wala si ya mama, ni ya watu wote, na ataandika kwamba imekatwa. Akaenda ghalani kutafuta kama kuna nakala. Nikamfuata."

"Pini alisahau?"

"Aliichomeka. Niliichomoa mimi."

"Alikuita?"

"Aliniita kwa jina. Mara mbili."

"Akiwa ameshabanwa?"

Mkutubi Mkuu aliacha kulalamika, akaketi kwenye kiti cha umma.

"Karatasi yenyewe iko wapi?"

"Imo humo humo." Alionyesha rejista kwa kidevu. "Kitabu kilikuwa na matundu ya wadudu. Tunaziba kwa rojo la karatasi, na karatasi ya umri mmoja ndiyo inayokubali. Niliichanachana, nikailoweka, nikazibia. Matundu mia na zaidi. Nilijisemea angalau sikuitupa."

Inspekta alilikumbuka lile beseni. Alikuwa amepata alichokitaka, na bado kulikuwa na dakika kumi na mbili. Alitaka kumwambia Mpiga picha azime kioo. Mama ndiye aliyemzuia.

"Hujamaliza, mwanangu. Kaletwa na nani?"

"Mama, inatosha."

"Soma. Nakuja kukaa hapa wiki ya pili sasa."

Inspekta akasoma. "Ameletwa na mama mzazi, kwa hiari yake. Hatamdai tena. Alama ya dole gumba."

"Ni mimi," alisema mama. Hakulia. Alikuwa amemgeukia mwanawe, anamwambia yeye tu. "Nilimpeleka kwa mkono wangu. Alikuwa na mabaka mgongoni, gari la matangazo likapita likisema wanatibu miezi miwili. Wakanishikisha wino. Sikujua wameandika nini. Wewe ulikuwa mgongoni. Baadaye ukauliza dada yuko wapi, nikasema wamemnyang'anya, na uongo ukishamwambia mtoto unakua naye. Nilitaka uyasome yote siku moja, mbele na nyuma, ndipo unihukumu." Akamgusa Mpiga picha begani. "Sasa geuza."

Mpiga picha alimtazama Inspekta.

"Geuza," mama alirudia. "Nyuma kuna mihuri. Kumi na mmoja. Kila juma nilikwenda kumtaka, karani anageuza, ananigongea tarehe kwamba nimefika, ananiambia rudi juma lijalo. Kumi na mmoja, nilihesabu. Wa kumi na mbili hakugonga. Alisema wamemzika."

Pingu ziligonga chini ya meza. Fundi alikuwa amejaribu kuinua mikono.

"Niliiona," alisema. "Mihuri ya tarehe, mmoja chini ya mwingine. Hakuna neno. Nilidhani ni siku za dawa."

"Ni mimi huyo," mama alisema. "Ndiyo siku zangu. Geuzeni basi."

"Hakuna nyuma, mama," Inspekta alisema. "Nyuma haikupigwa." Aliona aibu, na kwa kuwa hakuizoea alidhani kwanza ni njaa. Alimgeukia Mkutubi Mkuu. "Ile nakala aliyokwenda kuitafuta. Ipo?"

"Hatujui. Yeye ndiye aliyekuwa anajua ghala."

Saa ya ukutani ilifika sita. Hakuna aliyebonyeza kitu, mashine ilikuwa imeshapangwa. Mlinzi alifungua milango na watu wakaingia kwa adabu, wakizivua kompyuta vitambaa, wakiulizana mahali pa kubonyeza.

"Hii ya tisini na saba tuitoe?" Mkutubi Mkuu alinong'ona. "Kwa ubinadamu?"

"Ni kielelezo cha mahakama," alisema Inspekta. "Haiguswi."

Mama alikuwa ameivuta rejista karibu. Aliifungua popote, akapitisha kidole ukurasani mpaka kikakwama kwenye kiraka kidogo cha kijivu, laini, kilichozibwa vizuri kabisa. Akafungua kwingine, akakuta vitatu. Alikisogeza kitabu mbele ya mwanawe.

"Nionyeshe," alimwambia. "Mihuri iko kwenye viraka vipi?"

Fundi aliinama juu ya kazi yake, akaitazama karatasi baada ya karatasi kadiri mama alivyomfunulia, na hakuweza kumwambia.